Sura ya Saba: Sefu Isiyopita Mlangoni

"Mwaga mkoba mezani," alisema Térence.

Mama Marcelline hakuumwaga. Aliukumbatia mbele ya aproni yake ya kazi, akamtazama yule mzee wa Kirundi aliyekalia kiti cha padri pale ukumbini kama kiti cha ofisini kwake.

"Papa Térence, huu mkoba ni wa mwanamke."

"Ni wa mtu anayefagia chumba kilichoibiwa. Mwaga, mama. Bujumbura niliwamwagisha mikoba wake za mawaziri."

Vitu vilianguka mezani kimoja kimoja: kitana, rozari ya mbao, vidonge vya presha, nusu mkate ndani ya mfuko wa plastiki, simu yenye ufa, na kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Térence alilifungua fundo kwa ncha ya kalamu. Ndani kulikuwa na meno mawili ya bandia. Akayageuza kwa kalamu ileile, upande huu, upande ule, kana kwamba bahasha kubwa ya kaki ingeweza kujificha chini yake. Marcelline akafunika mdomo kwa kiganja, na tangu hapo mpaka mwisho wa mahojiano alijibu kiganja kikiwa palepale.

"Jumapili iliyopita, baada ya misa, ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa ninaosha vikombe vya chai."

"Maktaba hukupita?"

"Nilipita na ndoo. Mlango iko wazi. Nikatoka nje nikakuambia."

"Uliniambia mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unapangusa kioo cha gari. Nikasema, Papa Térence, mlango wa maktaba iko wazi na ndani hakuna mutu."

Térence alitazama dari. Jumapili ile ilikuwa na magari zaidi ya thelathini uani na ubatizo wa watoto sita. Hakukumbuka ndoo wala mama. Akafungua daftari lake, akaandika neno moja: *Anadai.* Kisha akalipigia mstari chini.

"Kusanya vitu vyako," alisema. "Kesho saa sita mchana kamati inaketi."

"Na nikifukuzwa, ninaenda wapi?"

Hilo halikuwa swali la upelelezi, kwa hiyo hakulijibu.

*

Wenye mali yao kwenye sefu ile walikuwa Wakongomani na Warundi wa parokia moja ya Glenwood, Durban, na mwaka ulikuwa 2012. Miaka minne kabla, wageni waliposhambuliwa na vyumba vyao kuvunjwa mjini, watu waliokoa roho wakapoteza karatasi: vyeti vya kuzaliwa, diploma, picha za marehemu. Mtu bila karatasi hapa ni kama hajazaliwa. Ndipo padri akanunua sefu kuukuu kutoka ofisi moja ya meli iliyokuwa inafungwa kule Bluff, na kila mwenye karatasi asilia akaileta ndani ya bahasha. Kwenye daftari la sefu liliandikwa jina, idadi ya karatasi na sahihi. Karatasi zenyewe ni za nini, hapana. Watu walitaka hivyo. Kila mtu ana lake.

Kwanza walikuwa wamejenga stoo ya nondo kwa ajili ya sefu hiyo. Siku ilipofika, wanaume wanane wakaibeba mpaka mlangoni, na mlango ukawa mwembamba kwa vidole vinne. Wakageuza, wakainamisha, Gustave, mwenyekiti wa kamati ya parokia, akabanwa kidole gumba. Mwisho wakaiacha maktabani, kando ya ngoma za kwaya, na huko ikabaki. Padri Kavanagh alicheka mpaka akavua miwani.

Funguo zilikuwa mbili, na kila mmoja ulitosha kufungua. Mmoja aliuvaa padri shingoni. Wa pili alikuwa nao Gustave, mwenye duka la simu mjini.

Jumatano, muumini mmoja, Eddy, alikuja kuchukua bahasha yake namba 41 na haikuwepo. Sefu haikuwa na mkwaruzo. Kabla ya jioni Gustave alikuwa na jibu: Marcelline ndiye anayetandika kitanda cha padri, kwa hiyo aliuchukua ufunguo padri akiwa bafuni. Afukuzwe kazi, na atoke kwenye kile chumba cha nyuma ya ukumbi, ambacho ndicho nyumba pekee aliyonayo tangu mwaka 2008. Ila kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, Gustave akamwita Niyongabo Térence, aliyekuwa polisi wa upelelezi Bujumbura miaka kumi na tisa na sasa analinda magari, siku za kazi mbele ya maduka, Jumapili uani mwa kanisa.

"Inspecteur," alimwambia, "thibitisha tu, basi."

Térence alifurahi kuitwa inspecteur. Tusifiche.

*

Baada ya Marcelline aliingia Eddy, kijana wa Bukavu, kinyozi mwenye viatu vya ncha. Nyuma yake alikuja Julienne, katibu wa kamati, akiwa amebeba daftari la sefu. Wawili hawa walikuwa wachumba. Matangazo ya ndoa yao yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili.

"Ndani ya bahasha kulikuwa na nini?" Térence aliuliza.

"Diploma yangu ya umeme. Kuna kampuni inaitaka mwisho wa mwezi, la sivyo ninabaki na mkasi mpaka nizeeke. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo."

"Na?"

"Na basi. Ni hivyo."

"Julienne, daftari linasema ngapi?"

Julienne hakufungua daftari. "Nne."

"Eddy ametaja tatu."

"Ah, picha," Eddy alisema haraka. "Picha ya mama."

"Picha mnahesabu kama karatasi?"

"Vieux, mimi ndiye nimeibiwa, hein. Muulize yule mama, siyo mimi."

Alicheka kidogo, akamgeukia Julienne acheke naye. Julienne alikuwa anatazama rafu ya vitabu vya nyimbo. Walipotoka, Eddy alimshikia mlango, naye akapita akiwa amejibana, asiguse hata mkono wa koti lake.

Térence aliandika: *Tatu. Nne. Wamegombana?* Gustave alichungulia.

"Umemaliza? Huko kwenu mnahoji au mnabembeleza?"

"Funguo zako ziko wapi?"

Gustave alijipiga mfuko wa suruali, zikalia. "Haziachi mwili wangu, Inspecteur. Hata siku moja."

*

Mchana Térence alimkuta Padri Kavanagh kwenye veranda, akisahihisha madaftari ya darasa la Kiingereza. Alikuwa Mwairishi wa miaka themanini na mmoja. Kiswahili alikipata Kitui, alikokaa miaka ishirini na minne.

"Padri, ufunguo."

Mzee alifungua kola. Ufunguo ulining'inia kwenye kamba nyeusi, na chini yake ngozi ilikuwa na doa la kijani, umbo la ufunguo kamili, kama chapa.

"Bafuni pia?"

"Bafuni pia. Kitandani pia. Daktari wa moyo alitaka kuuvua nikamkatalia. Kijana, huyo mama hakuuchukua huu. Ningesikia baridi."

Basi njia ya kwanza ilikuwa imefungwa, na shtaka zima la Gustave lilikuwa limejengwa juu yake. Térence alikaa chini.

"Mnasoma nini safari hii?" aliuliza, kwa kuwa alihitaji kufikiri.

"Ngome. Tunasoma nini kingine?"

Hilo kila mtu alilijua. Padri alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, kwenye vichochoro nyuma ya ngome yao ya kale, na kwa miaka thelathini alikuwa anaandika historia yake kwa mkono. Hakuna aliyekubali kuichapa. Kwa hiyo kila Alhamisi aliwafundishia Kiingereza. Hapo Glenwood palikuwa na wasusi wa Kikongo wasiojua mji wa Durban ulianzishwa lini, lakini ukiwaamsha usingizini watakuambia kwamba Mfalme Yohana aliamuru ngome ijengwe mwaka 1204, kando ya kidimbwi cheusi kilichoupa mji jina. Kwamba vichwa vya waasi vilichomekwa juu ya lango. Kwamba moto wa mwaka 1684 uliunguza sehemu kubwa na mnara mmoja wa zamani ukabaki. Na kwamba Waingereza waliikabidhi mwaka 1922, baada ya miaka mia saba na ushee.

"Alhamisi hii tulifika mwaka 1907," padri alisema. "Vito vya kifalme vilivyoibiwa mle ngomeni. Kila nikisoma hapo sefu yetu inanijia kichwani. Wao pia walijenga chumba cha chuma. Wao pia, sefu ilikataa kupita mlangoni. Wakaiacha maktabani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimewaambia miaka mitatu. Mnacheka, mnaandika maneno magumu pembeni."

Térence alilivuta daftari lililokuwa juu. Lilikuwa la Julienne. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, ila ukurasa wa Alhamisi ulikuwa mweupe.

"Nani aliiba?"

"Haikujulikana kamwe. Sefu ilifunguliwa kwa ufunguo. Mtunzaji wa vito alikuwa na funguo zote mbili, mmoja kwenye nguo, mmoja nyumbani, na akaapa hazikutoka kwake. Ukiniuliza mimi, walishikilia swali la nani ana ufunguo. Swali ni: ufunguo unakaa wapi mwenyewe anapokuwa na shughuli nyingine?" Padri alipangusa miwani. "Lakini siyo hilo linaloniuma. Kulikuwa na mama wa kufagia. Jumatano alikuta mlango wa nje uko wazi, taarifa ikamfikia mtunzaji. Jumamosi akakuta mlango wa chumba cha chuma uko wazi, akapeleka habari tena. Unajua yule bwana alijibu nini?"

"Nini?"

"Ni kama alisema, 'Ah, kumbe.' Akaendelea na kazi zake."

Térence alifunga daftari la Julienne polepole. Ndoo. Kioo cha gari. Ubatizo wa watoto sita. Sasa sauti ya Marcelline ilimjia, iko nyuma ya bega lake la kushoto, na jibu lake mwenyewe likaja nayo. Hakulisema.

"Yule mama walimfanya nini?" aliuliza.

"Waliandika jina lake kwenye ripoti. Mtunzaji ndiye aliyefukuzwa, na mpaka anakufa alidai kwamba kaonewa." Padri alirudisha miwani puani. "Juu ya lango la ngome kuna sanamu ya Haki, na upanga na mizani. Ameutazama ua wa wakubwa, mgongo ameupa mji. Baba yangu alikuwa akipita hapo anatema mate. Kesho mtaketi saa ngapi?"

"Saa sita." Térence alisimama. "Matangazo ya Eddy na Julienne, kesho si ni ya tatu?"

"Yalikuwa. Binti alikuja Jumatatu akaomba tungoje. Mama yake mgonjwa Uvira."

"Jumatatu," alisema Térence. Eddy alikuwa hajagundua chochote mpaka Jumatano.

*

Jumapili saa mbili na nusu asubuhi Térence alikuwa uani amevaa kizibao chake cha manjano. Ua ule ulikuwa mdogo na watu walipaki kwa kuzibana, gari nyuma ya gari. Toyota nyeupe ya Gustave iliingia, ikaziba gari la padri kama kila wiki. Gustave akashuka, akafunga kifungo cha koti, na bila kutazama akarusha funguo hewani.

"Ukibanwa, isogeze!"

Térence alizidaka kwa mkono mmoja, kama alivyozidaka Jumapili zote za miaka mitatu.

Alibaki amesimama hapohapo. Gari la nyuma likapiga honi. Alifungua kiganja akatazama. Pete moja ya chuma. Ufunguo wa Toyota, wa duka, wa nyumba, wa maktaba, na mmoja mrefu wa shaba wenye meno upande mmoja tu, pacha wa ule wa padri.

Haziachi mwili wangu. Na Gustave hakudanganya, maana hakujua kama anadanganya. Kumpa mlinzi wa magari funguo hakuhesabiki kumpa mtu. Ni kama kuzitundika ukutani.

"Eish, baba! Sogea!" dereva alipiga kelele.

Alisogea. Aliwaelekeza watu kupaki mpaka nyimbo zikaanza ndani, na mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Jumapili iliyopita alikuwa na magari matano yamezibana. Alikuwa anapangusa kioo cha gari la kukodi la familia ya ubatizo. Julienne alitoka, gauni la bluu, akasema, "Ton' Térence, niazime funguo za Papa Gustave, kuna vitabu vya nyimbo ndani ya gari." Alimpa. Zilirudi baada ya robo saa. Hakuona vitabu vyovyote. Kisha akaja mama mwenye ndoo, akasema alichosema.

Baada ya misa alimkuta Julienne peke yake, anapanga viti vya kamati ukumbini.

"Ulihesabu," Térence alimwambia. "Eddy alikuambia tatu, wewe kila ukifungua daftari unakuta nne."

Kiti kilibaki mkononi mwake. "Miezi minane," alisema.

"Ya nne ni nini?"

"Cheti cha ndoa. Bukavu, 2006. Mke ana jina, Ton' Térence, ana kijiji, ana tarehe ya kuzaliwa. Mimi na yeye tumepishana kuzaliwa siku tatu." Alikiweka kiti chini. "Nilitaka kuirudisha. Jumapili ingine, nikasema. Halafu Jumatano akaja kuitafuta."

"Na Marcelline?"

"Nilijua mtaona siyo yeye. Nilisema, si wamemwita polisi."

Térence alipokea hilo bila kupepesa.

"Sitataja jina lako," alisema. "Nina la kwangu la kusema. Wewe utafanya unavyoona."

*

Kamati ilikuwa na watu saba, na waumini wengine ishirini hivi walisimama ukutani, maana habari ya kufukuza mtu haihitaji tangazo. Marcelline aliketi kwenye stuli karibu na mlango na mkoba magotini. Eddy alisimama dirishani. Padri alikaa pembeni; kiti chake alimwachia Térence, na Térence hakukikalia.

"Inspecteur, tuambie," alisema Gustave. "Kwa kifupi. Watu wana njaa."

"Ufunguo wa padri haukutoka. Ulitoka wa kwako."

"Wangu?" Gustave alicheka. "Mi nilikuambia, haziachi..." Akapeleka mkono mfukoni. Akapeleka kwenye mfuko wa pili. Akapapasa koti.

"Papa Térence," alisema Marcelline kutoka kwenye stuli. Hakuwa amefunika mdomo, na pengo la meno mawili lilionekana na kila mtu. "Jana ulisema, mwaga. Leo mwaga wewe."

Térence alisogea mezani. Alitoa daftari, kalamu, filimbi, miwani yenye mkono mmoja, vipande vitatu vya keki ya meza ya chai ya padri vilivyofungwa kwenye karatasi ya liturujia. Mtu ukutani alikohoa. Kisha akaingiza mkono ndani ya kizibao, na pete ya chuma ikaanguka mezani na funguo zake tano. Ule mrefu wa shaba ulilala juu.

Gustave aliufahamu kabla ya wengine. Uso ulimshuka.

"Kila Jumapili kwa miaka mitatu," alisema Térence. "Anaziacha kwangu nimsogezee gari. Mimi ninazitoa kwa yeyote anayeniomba kwa adabu. Wiki iliyopita niliombwa, nikatoa. Sikuuliza. Jana nikamhoji mama huyu kwa saa mbili kuhusu ufunguo ambao ulikuwa mkononi mwangu."

"Uliombwa na nani?" Eddy aliuliza kwa sauti kubwa.

Térence alikataa kwa kichwa. Julienne aliinuka, akaenda kwenye rafu, akatoa vitabu vya nyimbo vya safu ya chini, na nyuma yake akatoa bahasha ya kaki. Aliiweka mezani karibu na keki.

"Namba arobaini na moja," alisema. "Karatasi nne. Mwenyewe ahesabu."

Eddy alinyoosha mkono, ukafika nusu ya meza, ukarudi. Hakuna aliyemwomba afungue. Alitazama viatu vyake vya ncha, na Julienne akarudi kuketi nyuma ya daftari lake, shingo imenyooka, machozi yakishuka bila sauti.

"Bon," alisema Gustave, akijikohoza. "Basi jambo limekwisha. Mama Marcelline, utusamehe, unaendelea na kazi. Tufunge na sala."

"Halijaisha," alisema Marcelline. Alikuja mpaka mezani. "Papa Térence. Jumapili ile nilikuambia nini?"

"Uliniambia mlango wa maktaba uko wazi na ndani hakuna mtu."

"Ukanijibu nini?"

"Nilijibu, 'Sawa, mama.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikamaliza kioo."

"Na jana, nilipokukumbusha, uliandika nini hapo?"

Alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. "'Anadai.'"

"Futa."

"Ni wino, mama."

"Basi chana."

Térence aliuchana ukurasa polepole ili usipasuke vibaya, akampa. Marcelline aliukunja mara mbili. Alifungua mkoba wake, akatoa kile kitambaa, akafungua fundo mbele yao wote, akavaa meno yake, bila haraka, kama mwanamke anayejiweka sawa kwa misa. Kisha akaugeukia upande wa katibu.

"Julienne, andika kwenye daftari la sefu. Marcelline, karatasi moja."

Julienne alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akaandika.

Gustave alinyoosha mkono kuchukua funguo zake. Marcelline alizitelezesha mezani, zikampita Gustave, zikasimama mbele ya kizibao cha manjano.

"Afungue yeye," alisema. "Ufunguo anaujua."

Wote wakafuata mpaka maktaba. Térence alipiga goti mbele ya sefu, kando ya ngoma, na watu karibu thelathini nyuma ya mgongo wake. Mara ya kwanza ufunguo ulikosa tundu. Mara ya pili pia.

"Asubiriwe," alisema Mama Marcelline. "Hatuna haraka."